Kengele ya zamani ya waya: jinsi ya kuiunganisha na Home Assistant bila kuinyima kazi yake

Nyumba yetu hapa Kisumu, upande wa Milimani, ni ya kitambo, kuta nene, dari juu, na kando ya mlango wa jikoni kuna kengele ya ding-dong ile ya vibao viwili vya chuma, tuliikuta hapo tulipohamia. Waya inatoka kwa kitufe cha geti, inapanda juu ya dari, inateremka mpaka kwa kengele, na mpaka leo inalia vizuri kabisa. Shida ni masikio. Mama yangu masikio yamepungua, akiwa sebuleni na redio inaongea hasikii kitu, na mimi nikiwa huko nyuma kwa kuku ama mvua ya jioni ikianza kupiga mabati ndio kabisa. Jamaa wa gesi amesimama kwa geti akachoka akaenda zake, hiyo nilivumilia. Lakini siku moja mama mkubwa, dadake Mama, alikuja kutoka Mbale na akakaa nje kwa jua karibu nusu saa akibonyeza, na sisi tuko ndani. Hiyo iliniuma sana, na ndio maana nikakaa chini nikafanya hii kazi.

Kila mtu aliniambia ninunue ile ya waifai yenye kamera nitoe hii nzee. Sikutaka. Waya ipo, kitufe kipo, kengele ipo na inafanya kazi, kilichokosa ni mtu wa kupeleka habari mpaka kwa Mama na mpaka kwa simu yangu. Kwa hivyo nilijiwekea sharti moja kabla ya kugusa chochote: mfumo usikilize tu, usisimame katikati. Yaani ruta ikifa, ile kompyuta ya Home Assistant (programu inayounganisha na kuendesha vifaa vya nyumbani) ikifa, mgeni akibonyeza kengele ilie vile imekuwa ikilia siku zote. Kila kitu hapa chini kinafuata hilo sharti.

HATUA YA 1: JUA WAYA YAKO IMEBEBA NINI

Hapa usiharakishe. Kwa nyumba zetu kuna kengele za aina mbili na kwa nje zinaweza kufanana. Ya kwanza imefungwa moja kwa moja kwa stima ya nyumba, 240V, na kitufe chake ni swichi ya ukutani kama ya taa, ila ina kapicha ka kengele. Ya pili ina transfoma ndogo inayoshusha stima mpaka 8V, 12V ama 24V, na hiyo transfoma imefichwa ndani ya boksi la breka, juu ya dari ama ndani ya kengele yenyewe. Yetu ilikuwa juu ya dari, imejaa vumbi, imeandikwa 8V.

Usikubali unene wa waya ukuamulie. Watu husema waya nyembamba kama ya spika ni volti ndogo, na mara nyingi ni kweli, lakini kuna mafundi walivuta 240 kwa waya yoyote walipata siku hiyo. Pima. Na usipime na ile tesita ya bisibisi yenye kataa (taa ndogo) ndani, hiyo inaweza kuwaka kwa stima ya kuazima ama ikakataa kuwaka kwa stima kamili. Tafuta multimita, kile kifaa cha kupima stima chenye ncha mbili.

Zima breka, fungua kifuniko cha kengele, angalia ncha za waya ziko wapi, alafu washa tena bila kugusa chochote. Weka multimita kwa AC (stima inayogeuka mwelekeo, kama ya nyumba), anza na kipimo kikubwa kabisa, mara nyingi ni 600 ama 750, weka ncha zake kwa skrubu mbili za kengele na umwambie mtu akabonyeze kule geti. Ukiona kitu kama 240, simama hapo, nenda kwa hiyo sehemu ya 240 hapa chini. Ukiona namba ndogo, shusha kipimo usome vizuri. Usishtuke ukipima kwa transfoma yenyewe, transfoma ya 8V kengele ikiwa imenyamaza inaweza kusoma 10 ama 11, ni kawaida, ikibeba mzigo inashuka.

Kama ni 240: tafadhali usichomeke hii saketi yangu hapo. Kuna jambo moja watu hawalijui kuhusu hizi kengele za 240, kuna zilizofungwa na swichi ikikata nyutro badala ya laivu, kwa hivyo hata kengele ikiwa kimya skrubu zake bado zina moto. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA na umpe chaguo mbili. Moja, akuwekee transfoma ya kengele na kengele ya volti ndogo, waya zile zile za geti zikiwa bado nzuri, na hapo utarudi uendelee na mimi. Mbili, akuwekee kifaa ambacho kimetengenezwa kusoma swichi za 240, kama Shelly Plus i4, kinaingia Home Assistant moja kwa moja kwa waifai na hutahitaji kusolda chochote. Mimi ningechagua transfoma, kwa sababu waya ya geti inapita nje, inanyeshewa, watoto wanaishika, na 8V haiui mtu.

HATUA YA 2: VITU VYA KUTAFUTA

Bodi ya ESP32 ya kawaida, hiyo ni kompyuta ndogo sana yenye waifai, ile yenye USB. Optokapla moja ya PC817, nunua tatu maana ni bei ya peremende na ukiunguza moja hutarudi town. Resista ya 1k, dayodi ya 1N4007, kipande cha vero bodi (kibao chenye matundu cha kusoldia), waya kidogo, chaja ya simu ya 5V na kijisanduku cha plastiki. Hapa Kisumu jaribu kwanza maduka ya elektroniki ya Oginga Odinga Street, na ukikosa, maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi yatakutumia kwa parseli ya basi. Kebo ya USB iwe ya data, kuna zile za kuchaji tu, hizo zitakufanya udhani bodi imekufa.

Home Assistant nachukulia iko tayari. Kama haiko, ni programu ya bure, inakaa kwa Raspberry Pi ama kompyuta nzee ambayo utaiacha ikiwaka, na unaifungua kwa browza kupitia homeassistant.local:8123. Yetu iko kwa kompyuta ndogo ya ofisi, mitumba.

HATUA YA 3: TENGENEZA SIKIO

Optokapla ni kitu kizuri sana na ningependa uielewe kabla ya kuisolda. Ndani yake kuna kataa kadogo upande mmoja na jicho upande wa pili, kengele ikipata stima kataa kanawaka, jicho linaona, linaambia ESP32. Kati ya pande hizo mbili hakuna waya kabisa, ni mwangaza tu unavuka. Kwa hivyo upande wa kengele na upande wa kompyuta havigusani popote, na hilo ndilo tunalotaka, hasa huku kwetu na radi zetu, nitarudi hapo.

PC817 ina miguu minne. Kwa mgongo wake kuna kidoti, mguu ulio karibu na hicho kidoti ni wa 1, wa 2 uko upande huo huo, alafu unazunguka chini upande wa pili unapata wa 3, na wa 4 unatazamana na wa 1.

Skrubu moja ya kengele inaenda kwa resista ya 1k, resista inaenda kwa mguu wa 1. Skrubu ya pili inaenda kwa mguu wa 2. Dayodi unaiweka kati ya mguu wa 1 na wa 2, ule mwisho wenye mstari ukiangalia mguu wa 1. Usiiruke hiyo dayodi. Stima ya transfoma ni AC, inaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kataa ka ndani hakavumilii zaidi ya 6V ikija kinyume, dayodi ndio inaipitisha kando. Bila hiyo inaweza kufanya kazi wiki mbili alafu ikafa kimya kimya.

Upande wa pili, mguu wa 3 unaenda GND (graundi) ya ESP32 na mguu wa 4 unaenda pini ya GPIO27. Basi. Usitumie pini 34 mpaka 39 kwa hii kazi, hizo hazina resista ya ndani ya kuvuta juu na utaona mfumo ukisema kengele imelia usiku na hakuna mtu. Na usije ukaunganisha GND na waya yoyote ya kengele, hata kama kuna mtu atakuambia lazima graundi ziwe moja, ukifanya hivyo umeua faida yote ya optokapla.

Hiyo 1k inafaa kwa 8V na 12V. Kama transfoma yako ni ya 24V weka 2.2k ya nusu wati, ile ya robo wati itakuwa ya moto mtu akishikilia kitufe.

Kabla ya kupanda ngazi, jaribu mezani na betri ya 9V: chanya kwa ile waya ya resista, hasi kwa ile nyingine, ni kama umebonyeza kengele.

HATUA YA 4: KODI (MAAGIZO YA ESP32)

Sakinisha ESPHome (programu ya kuandikia bodi za ESP32 maagizo) ndani ya Home Assistant, ongeza kifaa kipya, chagua ESP32, weka jina na nywila ya waifai yako. ESP32 ya kawaida inashika waifai ya 2.4GHz pekee, kama ruta yako imetenganisha majina mawili chagua hilo la 2.4. Mara ya kwanza unaiingizia kodi kwa kebo ya USB, baada ya hapo mabadiliko yote yanapita hewani, hutapanda ngazi tena. ESPHome itakuandikia sehemu ya juu yenyewe, wewe ongeza hii chini:

```
binary_sensor:
  - platform: gpio
    name: "Kengele ya geti"
    pin:
      number: GPIO27
      mode:
        input: true
        pullup: true
      inverted: true
    filters:
      - delayed_off: 100ms
      - delayed_on: 50ms
```

Sasa nisikilize kwa hizo laini mbili za mwisho maana zilinilia Jumamosi nzima. Mimi niliziweka kinyume, delayed_on juu na delayed_off chini. Mezani na betri ilifanya kazi vizuri sana, nikafurahi, nikapanda nikafunga kwa kengele, nikamwambia kijana wa jirani abonyeze, kengele ding-dong, Home Assistant kimya. Nikabadilisha optokapla, kimya. Nikabadilisha pini, kimya. Nikateremsha kila kitu mezani tena na betri, inafanya kazi!

Sababu ni hii. Betri ni DC (stima ya mwelekeo mmoja), inawasha kataa na kanakaa kamewaka. Transfoma ni AC, kwa hivyo kataa kanawaka chini ya milisekunde 10, kanazima, kanawaka tena, mara 50 kila sekunde. ESPHome inafuata filta kwa mpangilio ulioandika. Delayed_on ikiwa ya kwanza inasema, nitaamini kama imewaka milisekunde 50 mfululizo, na kwa AC hiyo haitatokea milele. Delayed_off ikitangulia inaziba yale mapengo kwanza, inafanya mapigo yote yaonekane kama mbonyezo mmoja mrefu, ndipo delayed_on inakuja kuchuja kelele ndogo ndogo za waya. Kwa hivyo ziweke vile nimeandika, na kumbuka jaribio la betri linathibitisha solda yako, halithibitishi filta.

HATUA YA 5: FUNGA KWA KENGELE

Zima breka. Waya za kengele zilizopo usizitoe, legeza skrubu kidogo, ingiza waya yako mpya kando ya ile ya zamani, kaza. Zote mbili zikae kwa skrubu za kengele yenyewe, sio kwa transfoma, maana kwa transfoma kuna stima saa zote na mfumo utadhani kuna mtu geti saa zote. Kisanduku kiweke ndani ya nyumba karibu na kengele. Washa, bonyeza, angalia kwa ESPHome kama inabadilika.

Kama kitufe chako ni kile chenye kataa kanachowaka usiku, hako kataa kanapitisha stima kidogo ndani ya kengele hata kama hakuna aliyebonyeza. Kwa kawaida haitoshi kuamsha optokapla. Ukiona sensa haizimiki, toa hako kataa.

HATUA YA 6: MWAMBIE MAMA

Kwangu hii ndio ilikuwa kazi yenyewe, zile zingine zote ni njia tu. Fungua mipangilio ya Home Assistant, nenda kwa otomesheni, tengeneza mpya. Kichochezi: Kengele ya geti ikibadilika kuwa on. Vitendo vyangu viko viwili na vinaenda pamoja.

Cha kwanza ni taa. Kando ya kiti cha Mama kuna taa ya mezani yenye balbu smati, na hiyo taa nimeitenga, haina kazi nyingine. Nilijaribu kwanza na taa ya dari na ikawa shida, maana lazima ukumbuke ilikuwa imewaka ama imezima ndio uirudishe vile, na Mama alikuwa anachanganyikiwa akidhani stima inasumbua. Ukitenga taa moja mambo yanakuwa rahisi: washa, ngoja sekunde moja, zima, ngoja sekunde moja, rudia mara nne. Rangi nimeweka ya chungwa, siyo nyekundu, nyekundu inaogofya mtu mzima. Nilimkalisha nikamwonyesha, nikabonyeza, akaiona, akaniuliza, "Kwa hivyo hii ikiwakawaka ni mgeni?" Nikamwambia ndio Mama, ni mgeni. Sasa yeye ndiye ananiambia kuna mtu geti.

Cha pili ni ujumbe kwa simu yangu kupitia apu ya Home Assistant. Huu unapita kwa seva za Google ama Apple, kwa hivyo unaupata hata ukiwa Kibuye sokoni bila kufungua Home Assistant yako kwa dunia nzima, mradi nyumbani kuna intaneti na simu yako ina data. Kwa Android, kwenye mipangilio ya ujumbe huo weka priority (uharaka) iwe high na ttl (muda wa kusubiri) iwe 0, bila hizo simu ikiwa imelala mfukoni ujumbe unaweza kukufikia mgeni ameshafika stage. Pia ingia kwa mipangilio ya betri ya simu uiruhusu hiyo apu isilazwe.

Mwisho wa otomesheni ongeza kungoja sekunde 10. Mode ikiwa single, ambayo ndio huja nayo, kengele ikibonyezwa tena ndani ya hizo sekunde haianzi upya, na watoto wa ploti wanaopita wakibonyeza mara kumi na tano utapata ujumbe mmoja. Na kila mbonyezo unabaki kwa historia, kwa kawaida siku 10, kwa hivyo ukirudi jioni unaweza kuona kuna mtu alikuja saa nane mchana.

RADI NA STIMA KUPOTEA

Huku karibu na ziwa radi si mchezo, Kisii na Kakamega wanajua zaidi yetu. Waya ya geti ni ndefu, iko nje, na radi ikipiga karibu inaweza kuingiza mshtuko ndani ya hiyo waya hata bila kuigusa. Hapo ndipo pengo la optokapla linasaidia, mshtuko wa kadri unaunguza optokapla ya bei ya peremende badala ya bodi. Radi ikipiga waya yenyewe hakuna optokapla itakuokoa. Mimi mawingu yakianza kuwa meusi upande wa ziwa nachomoa chaja ya ESP32, na kengele inaendelea kulia kama kawaida kwa sababu haiitegemei.

Stima ikipotea transfoma inakufa, kengele inanyamaza, na sikio letu haliwezi kusikia kengele iliyonyamaza. Kama kwenu stima inapotea sana na unataka ujumbe ufike hata gizani, kuna njia ya pili: unatoa waya za kitufe kwa kengele kabisa, unazipeleka kwa ESP32 kupitia optokapla kwa 5V ile ile ya chaja, ESP32 inaliza kengele kwa relei (swichi inayowashwa na bodi), na ESP32, ruta na kompyuta zote unaziweka kwa UPS. Inafanya kazi. Lakini sasa mfumo umesimama katikati, ESP32 ikiganda mgeni anabonyeza kitu kilichokufa. Nimefikiria mara nyingi na nimebaki na yangu, mchana stima ikipotea mgeni anaita kwa mdomo na redio ya Mama nayo imenyamaza, anamsikia.

Ukimaliza, chukua maka pen uandike juu ya kisanduku: 8V AC kutoka kengele, GPIO27, tarehe, na breka gani inazima transfoma. Bandika pia kijikaratasi ndani ya kifuniko cha kengele useme hizo waya mbili za ziada zinaenda wapi. Fundi atakayekuja hapo baadaye asizikate akidhani ni za redio ya zamani.